Springi za Gari la Kanti

Nyuma ya duka la Manji,
Singida Mjini.
26 Agosti, 1970

Kwa Baba yangu Mdogo, Bonifasi Mughwai,

Shikamoo Baba Mdogo. Shikamoo ya pili umpelekee Mama Mdogo huko jikoni aliko, maana nawajua, barua hii itafunguliwa saa ya chai na yeye atataka asomewe kwa sauti. Ukifika katikati utaona mwenyewe kama inafaa kusomwa kwa sauti. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba baridi ya Itigi imeanza kukuonea huruma. Huku kwetu upepo unatupulizia vumbi mpaka kwenye uji, lakini tu wazima. Febronia anakuamkia. Watoto hawajambo, ila mdogo anaota jino la kwanza na nyumba nzima inalia naye. Sepuka nilifika Jumapili ya juzi, nikamkuta Mama ana nguvu zake, mtama umeshaingia ghalani, na kila anaposikia mtu katoka upande wa reli anauliza habari zako.

Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Unasema ulikuwa ndani ya treni ukasikia watu usiowajua wakisimulia habari ya fundi wa Singida aliyeharibu gari la Mhindi kwa kutoelewa picha, na walipolitaja jina langu hasira ilikushika ukashuka stesheni isiyo yako. Unasema pia umesikia kwamba mwenye gari anawaambia watu fundi wake hana kosa, bahati mbaya tu hakupata mtu wa kumfundisha. Neno hilo limekuchoma kuliko kicheko, kwa kuwa aliyenifundisha ni wewe. Kwa hiyo Jumamosi unakuja na spana zako, utalifungua gari lile mbele ya watu, uwaonyeshe kila kitu kilivyofungwa, ili jina la Mughwai lisafishwe palepale lilipochafuliwa.

Baba Mdogo, nakuomba usikate tiketi kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Nimempa Kefa, dereva wa lori la misheni, aikabidhi mkononi mwako, isije ikalala posta wewe ukawa njiani. Nitakueleza kwanza mambo kama mji mzima unavyoyajua, kisha nitakueleza yale ambayo mji hauyajui.

Nianze na gari lenyewe, kwa kuwa wewe hukupata kuliona likiwa zima. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza la mashindano, viti viwili tu, rangi ya kijani, paa lake turubai la kukunja. Mhandisi mmoja Mzungu wa barabara, mkataba wake ulipokwisha mwaka jana, alimwuzia Kanti, mtoto wa mwisho wa marehemu Manji. Mimi nimepanga ua wa nyuma wa duka lao, ndimo ilimo karakana yangu. Kanti ana miaka ishirini na mitatu, kijana wa maneno mengi na moyo mweupe, na gari lile aliliosha mara nyingi kuliko alivyooga mwenyewe. Mama yake, Induben, ndiye anayeendesha duka tangu Manji afariki, na ufunguo wa sanduku la fedha hulala naye.

Vijana wa mjini walipanga mashindano ya magari siku ya Saba Saba, kutoka Singida hadi Iguguno na kurudi. Wakubwa wa chama walikataa kwanza. Walisema ni anasa kukimbizana na magari wakati wenzetu wanahamia vijijini wakalime pamoja. Ndipo mwalimu Urbano wa Iguguno akapata akili ya kusema kila gari liingie kwa kiingilio cha kununulia madawati ya shule yake, na hapo anasa ikageuka kuwa kujitegemea. Ruhusa ikatoka.

Kanti alinijia mwezi wa Juni na picha aliyoikata kwenye gazeti la Kiingereza la magari. Ilikuwa picha ya gari kama lake, ila limelala chini karibu liguse barabara, matairi mapana yamejaa ndani ya madigadi, na madigadi yenyewe yamevimba kwa nje. Alitaka lake liwe hivyo, na alitaka liwe hivyo kwa bei ya karibu na bure. Vipuri vya aina ile huagizwa Ulaya, na siku hizi hata nati ya gari dogo huipati hapa bila kuandikiana barua na Dar es Salaam miezi mitatu. Nikamwambia tutatumia kilichopo. Akacheka, akanipa picha yake na ufunguo, akaenda Mwanza wiki mbili kufuata vitambaa vya duka.

Nilianza na rimu. Nilizikata zote nne katikati kwa msumeno, nikaongeza ukanda wa chuma wa upana wa vidole vitatu, nikachomelea kwa mitungi ya gesi niliyoazima misheni. Kisha kila rimu nikaizungusha kwenye ekseli nimeshika chaki karibu yake, kama ulivyonizoesha kwenye magurudumu ya toroli za reli. Chaki ikigusa upande mmoja tu, narudia. Moja niliirudia mara tano mpaka Febronia akaniuliza kama nimeoa chuma. Matairi mapana yalitoka kwa padri aliyekuwa amebadilisha ya gari lake la safari, na kashata zake, yale meno ya kushikia barabara, zilikuwa bado zimesimama vizuri. Shokapu nilizipata Manyoni kwa mtu anayevunja magari. Pipa moja la mafuta lilinipa bati la madigadi yote manne. Nililigonga juu ya gunia la mchanga kwa nyundo ya mti, pole pole, likavimba bila kukunjamana, nikaliunga, nikapiga rangi. Ukipitisha kiganja huwezi kujua pipa linaanzia wapi.

Haya yote mji uliyaona na hakuna aliyeyacheka. Kilichochekwa ni springi. Kanti aliporudi kutoka Mwanza, siku tatu kabla ya Saba Saba, alilikuta gari lake limesimama juu kama mbuzi aliyepanda kichuguu. Akaniuliza kama niliitazama picha. Nikasema niliitazama. Akaniuliza mbona la kwenye picha liko chini. Nikamjibu, mbele ya makuli wawili na wateja waliokuwa wakipimiwa kitambaa, kwamba niliona gari la kwenye picha limelala, nikajua springi zake zimekatika, kwa hiyo nikamwimarishia zake zisije zikapatwa na hayo.

Baba Mdogo, watu walicheka mpaka wakashika kuta. Na waliniamini, maana kwetu gari lililolala ni gari gonjwa, sote tumekua tukijua hivyo. Kesho yake watoto wa shule waliponiona sokoni walipiga kelele kwamba springi zimekatika, na mpaka leo wapo wanaonisalimia hivyo. Kanti mwenyewe alinikasirikia siku moja, akasema angelipeleka Arusha kwa mafundi wanaojua Kiingereza, kisha hasira ikamwisha. Siku zilizobaki hazikutosha kubadilisha kitu. Nilidhani atajitoa. Hakujitoa. Alikuwa amekwisha jiandikisha, na aliona haya kubaki barazani wakati wenzake wanapita.

Siku ya Saba Saba yalikimbia magari saba. Mimi nilibaki nyumbani, nikasema tumbo linaniuma. Unapafahamu pale karibu na Iguguno ambapo barabara inaliacha tuta la reli ya zamani na kushuka kushoto kuelekea korongo. Wewe ulipata kufanya kazi huko kabla reli haijang'olewa. Ndipo gari la Kanti lilipopinduka. Waliokuwepo wanasema hakuwa ameenda kasi kuliko wengine. Kefa ndiye aliyekuja kuniita na pikapu. Nilichukua jeki na magogo mawili, na mimi kwa mikono yangu ndiye niliyeliinua gari likamwachia mkono. Kule hospitali waliukata, wa kulia, juu ya kiwiko.

Kanti alipotoka hospitali, jambo la kwanza alilofanya ni kunitetea. Watu walitaka nifukuzwe uani, wengine walitaja polisi. Akasema hapana, Anselm ana mikono mizuri kuliko fundi yeyote, kosa ni la nchi iliyomwacha bila shule, na hapo ndipo alipolisema lile neno lililokuchoma. Hakuishia hapo. Amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na barua yake ya kwanza aliyoiandika kwa mkono huo aliipeleka chuo cha ufundi Dar es Salaam kuniombea nafasi, nikajifunze kusoma michoro, ili nisije nikamwumiza mtu mwingine kwa kutojua. Nimeiona nakala yake. Herufi zimelala huku na huku kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nafasi ilipatikana wiki iliyopita.

Mpaka hapo ndipo mji unapojua. Sasa kama Mama Mdogo anasikiliza, mwambie akuletee chai nyingine, wewe usome kimya.

Ile picha niliielewa siku ileile niliyopewa. Mtu uliyemfundisha kulaza na kupandisha mabamba ya springi akiwa na miaka kumi na sita hawezi kutoielewa. Juma la kwanza Kanti alipokuwa Mwanza, nililishusha gari lake. Mbele nilikata mzunguko mmoja wa kila springi. Nyuma nilitoa bamba moja kila upande, yaliyobaki nikayanyoosha kwa nyundo yakiwa baridi, bila moto, nikayapima kwa uzi mpaka pande zote zikalingana. Lilikaa kama la kwenye picha. Nasema bila kujisifu, au basi, nasema kwa kujisifu, kwamba sijapata kufanya kazi nzuri kama ile, na sidhani nitaifanya tena. Asubuhi ya Jumamosi nililipanda mwenyewe kwanza, kama ulivyonizoesha, kwamba fundi ndiye wa kwanza kupanda kazi yake. Nililizungusha njia ya ziwa Kindai mara mbili. Nilirudi nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Singida.

Induben aliniona narudi. Yule mama huwa haingii uani. Akinitaka humtuma mtu. Siku ile alikuja mwenyewe, akakaa juu ya pipa, akaniuliza kama gari linakwenda mbio sasa. Nami kwa ujinga wangu wa furaha nikamwambia, mama, wilaya hii yote hakuna atakayeliona mgongo mara mbili. Akaanza kulia. Unamkumbuka Shantilal, mtoto wake wa kwanza, aliyekufa na lori kwenye mteremko wa Sekenke. Tulimzika mwaka ule wa mvua kubwa, yaani walimchoma kwa desturi yao, na wewe ulikuja. Akasema ameshamkataza Kanti mashindano, Kanti amecheka. Akasema akificha ufunguo kijana atajua ni yeye, atahama nyumba, naye atampoteza hivyohivyo akiwa hai. Alitaka gari liharibike kwa kosa la mtu mwingine. Alisema fundi anayeweza kutengeneza hivi anaweza pia kuharibu.

Nilikataa. Alirudi kesho yake, nikakataa. Siku ya tatu nikakubali, kwa sababu nami nina watoto, na kwa sababu sikuweza tena kumtazama mtu wa umri wa mama yangu amekaa juu ya pipa langu analia na ushungi mdomoni. Nikawaza kwamba Kanti akiliona gari limesimama juu vile ataona aibu kulitoa nje, mashindano yatapita, nami baada ya mwezi mmoja nitajifanya nimejifunza, nilishushe tena. Nilijua nitachekwa. Nilijiona hata kama mtu mwema kidogo, ninayekubali kuitwa mshamba ili mama wa mtu alale usingizi.

Basi nikaibomoa kazi yangu. Springi za mbele nilizibadilisha kwa ndefu za gari bovu la abiria, na nyuma nikayapinda tena yale mabamba na kuongeza mawili ya pikapu. Ndiyo maana nakuomba usije kulifungua, Baba Mdogo. Hakuna mtu mwingine Singida anayeweza kukisoma chuma kile, lakini wewe utageuza bamba la kwanza tu, uone alama za nyundo pande zote mbili, ujue kwamba lilinyooshwa kisha likapindwa na mkono uleule. Na wewe huwezi kuona kitu ukasema hukukiona.

Lakini hilo bado silo ninalotaka kuungama kwako. Ningekuwa nimeishia hapo, labda ningekuacha uje.

Asubuhi ya Saba Saba, kabla ya saa mbili, Kanti alikuja nyumbani kwangu na gari. Alikuwa amenisamehe. Amevaa miwani ya vumbi juu ya paji la uso na amefurahi kama mtu anayekwenda harusini. Akaniambia kiti cha pili ni changu, kwamba hata kama nililipandisha juu kama ghala la mtama, kazi ya rimu na madigadi ni yangu na watu wote waione nimekaa ndani yake. Kisha akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama mtu anavyomwuliza fundi wake. Aliuliza kama litashika kwenye kona. Aliuliza pale linapoacha tuta aingie na gia ya ngapi.

Nilijua jibu. Gari fupi lililopandishwa kiasi kile, na matairi mapana yanayong'ang'ania barabara, likipigwa kona kwa kasi halitelezi, linapinduka. Nilipaswa kusema, ndugu yangu, pale uende mwendo wa baiskeli, au bora usiende kabisa. Lakini fundi asiyejua picha, fundi anayedhani gari lililolala limekatika springi, angejuaje jambo hilo? Ningesema, angenitazama, angeelewa yote. Kwa hiyo nikaulinda ule ujinga wangu. Nikamwambia litashika tu, bwana, aingie na ya tatu. Halafu nikasema siwezi kwenda naye, tumbo linaniuma.

Tumbo halikuwa likiniuma. Sikukaa kwenye kiti kile kwa sababu nilijua.

Induben aliniomba niharibu gari. Hakuniomba nimdanganye mwanawe asubuhi ile, wala hakujua kwamba kulipandisha kulikuwa hatari kuliko kulishusha. Hayo ni yangu peke yangu. Tangu siku ile hajanisemesha, ila kila Ijumaa hutuma kuli na sahani ya chapati na dengu, imefunikwa kitambaa safi. Sijui ni shukrani au ni nini. Naipokea, nawapa watoto, mimi siwezi kula. Na Kanti naye kila aliponiona alinipa moyo, akiniambia Dar es Salaam si mbali, nitajifunza, nisijilaumu. Baba Mdogo, ningevumilia matusi. Kusamehewa kosa ambalo silo nililofanya, hilo lilinishinda. Nimekonda. Febronia anadhani ni malaria.

Barua yako ndiyo iliyonisukuma. Jana saa tisa, duka likiwa halina watu, nilikwenda kwa Kanti. Nilimkuta chumba cha nyuma anaandika kwenye daftari kwa mkono wa kushoto, ulimi umetoka nje kidogo. Nikaiweka mezani ile karatasi ya chuo, nikamwambia siwezi kwenda, kwa kuwa michoro najua kuisoma. Nikamweleza springi zote, mara ya kwanza na mara ya pili. Nikamweleza asubuhi ya Saba Saba. Aliniuliza jambo moja tu hapo, kama tumbo lilikuwa likiuma. Nikasema halikuuma. Akaniuliza kwa nini basi nililipandisha tangu mwanzo. Nikasema ninayo sababu lakini si yangu kuitoa.

Induben alikuwa amesimama mlangoni na gilasi ya maziwa ya mwanawe. Sijui alikuwepo tangu lini. Alisema maneno machache kwa lugha yao. Mimi Kigujarati sikijui zaidi ya majina ya vyakula na namba, lakini jina la Shantilal nililisikia. Kanti alimtazama mama yake muda mrefu sana. Nikainuka niwaachie nyumba yao. Akataka kunizuia kwa mkono, ule usiokuwepo; nikaona mkono wa shati umeinuka kidogo, ukashuka. Nikakaa.

Halafu akaniuliza, juma lile lilipokuwa chini, lilikwendaje.

Nikamwambia. Nilimwambia njia yote ya Kindai, kona kwa kona. Nilimwambia kwamba kwenye kona ya mawe halikuinama hata kidogo, nilidhani nimesimama kumbe naenda. Akauliza gia ya ngapi. Nikasema ya tatu, na mara ya pili nikathubutu ya nne. Akauliza usukani ulikuwa mzito au mwepesi. Nikasema mzito kidogo kwa ajili ya yale matairi, mpaka likishika mwendo, basi unaushika kwa vidole viwili. Akauliza lilikuwa juu ya ardhi kiasi gani, nikamwonyesha kwa kiganja juu ya meza, naye akaweka kiganja chake cha kushoto kando ya changu akapima. Alifumba macho. Aliuliza na mlio wake, na jinsi vumbi lilivyokaa nyuma, na kama kulikuwa na mtu yeyote aliyeliona. Nikasema hakuna aliyeliona likienda, ni mimi tu. Mama yake alikuwa bado mlangoni na gilasi mkononi.

Nilipomaliza alifumbua macho. Kisha, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia gia, akaniambia sasa nitoke, na mwisho wa mwezi ua niuache wazi, na asinione tena.

Nimeanza kufunga vyombo. Kwa sasa nitarudi Sepuka. Wale wa kijiji kipya wana mikokoteni na plau za kutengeneza, na hawaulizi maswali. Jina la yule mama nakuomba lisitoke mdomoni mwako, wala kwa Mama Mdogo. Langu ulitumie utakavyo. Ukiwakuta tena wale watu wa treni na ukaona heri waendelee kucheka, sitakulaumu. Na ukiona ni vigumu kunijibu barua hii, nitasubiri.

Wasalimie wote wa kota za reli wanaonikumbuka. Mama Mdogo mwambie mjukuu wake mwenye jino anamwamkia. Mungu awalinde na baridi mpaka mvua zije.

Ni mimi mtoto wako, uliyenifundisha vizuri,

Anselm Mughwai